Utumbo unapojisokota: Kwa nini kijana hapaswi kusubiri kupambazuke

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

CHUKUA mfano wa kijana mwenye umri wa miaka 23, mkazi wa Magomeni katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mchana alibeba magunia ya korosho, jioni akala ugali wa muhogo kwa mbaazi na kulala akiwa mzima wa afya. Saa 8 usiku anaamshwa na maumivu ya tumbo ambayo hajawahi kuyapata. Anajikunja kitandani, anakwenda chooni, hakuna kinachotoka. Tumbo linaanza kujaa.

Wapangaji wenzake wanashauriana. Mmoja anasema ni vidonda vya tumbo, mwingine anasema ni ngiri, wa tatu anakumbuka kwamba ana vidonge vya malaria vilivyobaki. Mama mwenye nyumba anachemsha tangawizi. Mwishowe wote wanakubaliana kwamba kukipambazuka atapelekwa hospitali.

Kijana huyo ni wa kubuni, lakini mazungumzo ya aina hiyo hufanyika katika nyumba nyingi, Mtwara na kwingineko. Mara nyingi maumivu hupoa na watu hurudi kulala. Lakini iwapo kilichompata ni utumbo kujisokota, uamuzi wa kusubiri asubuhi ndio unaoweza kumpotezea utumbo, na hata uhai.

Utumbo hujisokotaje?

Utumbo wa mtu mzima ni mrefu. Ule mwembamba hufikia takriban mita 6, na ule mpana takriban mita moja na nusu. Yote hiyo hukaa ndani ya tumbo ikiwa imekunjwa, nayo imeshikiliwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo na utando maalumu. Ndani ya utando huo ndimo inamopita mishipa ya damu inayoulisha utumbo.

Tatizo hutokea pale sehemu ya utumbo inapozunguka kwenye utando wake, mithili ya nguo inayokamuliwa maji. Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, njia ya chakula, kinyesi na hewa huziba. Pili, mishipa ya damu hubanwa. Damu hushindwa kutoka, utumbo huvimba, kisha damu mpya nayo hushindwa kuingia.

Hapo ndipo saa zinapoanza kuhesabiwa. Utumbo uliokosa damu kabisa huanza kufa ndani ya saa chache. Ukishaoza, hutoboka na kumwaga uchafu wenye bakteria ndani ya tumbo. Bakteria hao huingia katika damu, presha hushuka, figo hushindwa kufanya kazi, na mgonjwa aliyekuwa akilia kwa maumivu huanza kupoteza fahamu.

Tofauti na aina nyingine za kuziba kwa utumbo, ambazo nyakati fulani hutulia kwa kumpa mgonjwa maji ya mishipani na kumpumzisha kula, utumbo uliojisokota hadi kubana mishipa hauwezi kuachwa ukasubiri.

Si ugonjwa wa wazee peke yao

Katika nchi za Ulaya na Marekani, kujisokota kwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hujulikana zaidi kama ugonjwa wa wazee, hasa waliolala kitandani kwa muda mrefu au wenye tatizo la muda mrefu la kufunga choo. Barani Afrika, Mashariki ya Kati na sehemu za Asia hali ni tofauti. Huku wagonjwa wengi ni watu wenye umri mdogo zaidi, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika elimu ya ugonjwa huu. Daktari wa upasuaji J.J. Shepherd, aliyefanya kazi Kampala, Uganda, alichapisha mwaka 1967 taarifa ya wagonjwa 92 ambao utumbo wao mwembamba na ule mpana vilikuwa vimejifunga kwa pamoja kama fundo. Mwaka uliofuata alichapisha tathmini ya wagonjwa 425 waliopatwa na kujisokota kwa utumbo mpana. Hapa nchini, madaktari wa upasuaji wa Bugando, jijini Mwanza, nao walichapisha utafiti kuhusu aina hizo mbili mwaka 2015.

Kwa nini huku vijana? Wataalamu hawana jibu moja. Sababu inayotajwa zaidi ni maumbile. Baadhi ya watu wana utumbo mpana mrefu kuliko kawaida, ambao umeshikiliwa na utando mwembamba mahali pake pa kufungia, hivyo unaning'inia na kuzunguka kwa urahisi. Chakula chenye nyuzinyuzi nyingi nacho hutajwa, kwa kuwa huujaza na kuurefusha utumbo huo.

Hii haina maana kwamba mbaazi, kunde au mboga za majani ni chakula kibaya. Mamilioni ya watu huvila kila siku bila kupatwa na tatizo hili, na nyuzinyuzi hukinga maradhi mengine mengi. Anayehitaji tahadhari zaidi ni mtu ambaye utumbo wake una umbile hilo, na yeye kwa kawaida hajijui.

Kwa utumbo mwembamba, watafiti katika baadhi ya nchi wamehusisha kujisokota na mlo mkubwa unaoliwa kwa mkupuo baada ya tumbo kukaa tupu kwa saa nyingi, kama inavyotokea katika mwezi wa Ramadhani. Ushauri unaotokana na hilo ni rahisi na unaendana na desturi ya pwani: kufungua kwa vitu vyepesi, kama tende na uji, kisha kupumzika kabla ya mlo mkuu.

Sababu nyingine ni makovu ya ndani. Mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, ikiwa ni pamoja na kuondolewa kidole tumbo au kujifungua kwa operesheni, anaweza kubaki na nyuzi za makovu ambazo utumbo huzizunguka. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na utumbo ambao haukukaa mahali pake wakati wa kuumbika tumboni mwa mama. Wengi wa hao hugundulika wakiwa wachanga, lakini baadhi hufika utu uzima bila kujua.

Dalili zinazopaswa kutia hofu

Dalili kuu za kujisokota kwa utumbo mpana ni tatu: maumivu makali ya tumbo, tumbo kujaa na kuwa gumu, na kushindwa kabisa kutoa choo na hata hewa. Dalili hiyo ya tatu ndiyo ambayo watu wengi huona haya kuisema. Daktari anapouliza, "Unatoa hewa?", swali hilo lina uzito sawa na kipimo cha damu. Mgonjwa mwenye maumivu na tumbo lililojaa, ambaye hajatoa hewa kwa saa kadhaa, anapaswa kudhaniwa kuwa utumbo wake umeziba hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Katika aina hii kutapika kunaweza kuchelewa. Mgonjwa anaweza kusema, "Mbona sijatapika?", akadhani hali yake si mbaya.

Utumbo mwembamba unapojisokota, mambo huenda kinyume. Kutapika huanza mapema, kwanza chakula kisha nyongo ya kijani, wakati tumbo linaweza lisijae sana. Maumivu huwa makali kupita kiasi kuliko hali ya tumbo linapoguswa. Hapa ndipo hata mhudumu wa afya anaweza kudanganyika, kwa sababu tumbo ni laini lakini mgonjwa anagaagaa.

Kwa vijana, ugonjwa huu mara nyingi huja kwa ghafla na kwenda kasi zaidi kuliko kwa wazee, ambao tumbo lao linaweza kujaa taratibu kwa siku kadhaa. Mwili wa kijana pia huweza kuficha hatari. Presha yake hubaki nzuri kwa muda mrefu, kisha hushuka kwa mkupuo.

Ishara kwamba utumbo huenda umeanza kuoza ni maumivu ya vipindi kugeuka kuwa ya mfululizo, tumbo kuwa gumu kama ubao na kuuma hata kwa kuguswa kidogo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho la baridi, mkojo kupungua na choo chenye damu. Ishara ya hila kuliko zote ni maumivu kupoa ghafla huku mgonjwa akizidi kulegea. Ndugu huweza kushukuru kwamba dawa imefanya kazi, kumbe utumbo umekufa na hauna tena uwezo wa kuuma.

Lipo pia kundi la vijana ambao utumbo wao hujisokota kidogo na kujifungua wenyewe. Hao husimulia kwamba mara kwa mara tumbo hujaa na kuuma vikali, kisha hutulia baada ya kutoa hewa nyingi au choo kingi. Historia ya namna hiyo ni onyo. Inafaa kuelezwa kwa daktari siku ambayo mtu ni mzima, kabla ya siku ambayo utumbo utagoma kujifungua.

Majina mengi, ugonjwa mmoja

Ugumu mkubwa ni kwamba maumivu ya tumbo yana majina mengi mitaani. Vidonda vya tumbo huleta kiungulia na maumivu ya juu ya tumbo, lakini havizuii hewa kutoka. Malaria na homa ya matumbo huweza kuuma tumbo, ila huanza na homa. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hilo peke yake halielezi tumbo lililojaa na kugoma kutoa choo, kwani mtu anaweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja.

Kidole tumbo huanza kuuma karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Mawe ya figo huuma ubavuni na kushuka kuelekea kinena. Mgonjwa wa selimundu naye hupata maumivu makali ya tumbo, na ndugu zake waliozoea hali hiyo wanaweza kuchelewa kuona kwamba safari hii ni tofauti.

Neno "ngiri" nalo lina mtego wake. Ngiri ya kweli ni utumbo unaotokeza kupitia tundu kwenye ukuta wa tumbo, kinenani au kitovuni. Uvimbe huo ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na wenye kuuma, utumbo uliomo umebanwa na hali hiyo nayo ni ya dharura. Kuita kila maumivu ya tumbo ngiri na kunywa dawa ya mizizi ni kuyapa jina yale ambayo hayajachunguzwa.

Kwa wanawake, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na kujisokota kwa kifuko cha mayai huweza kufanana na tatizo hili, na yote ni ya dharura. Aidha, mjamzito anaweza kupatwa na kujisokota kwa utumbo, kwa kuwa mfuko wa uzazi unaokua husukuma utumbo kutoka mahali pake. Kutapika na kufunga choo ni mambo ya kawaida katika ujauzito, ndiyo maana ugonjwa huchelewa kutambuliwa. Maumivu makali yasiyofuata mpangilio wa uchungu wa uzazi, yakiambatana na kutotoa hewa, hayapaswi kupuuzwa. Kwa wajawazito, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura.

Yasiyofaa kufanywa nyumbani

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na utumbo uliojisokota hapaswi kupewa chakula wala kinywaji. Kila kinachoingia hukutana na njia iliyofungwa, na tumbo lililojaa huongeza hatari ya kupaliwa wakati wa kupewa nusu kaputi.

Dawa za kuharisha ni hatari zaidi. Huulazimisha utumbo kusukuma dhidi ya kizuizi na zinaweza kuharakisha kutoboka. Vivyo hivyo kuingiziwa maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa, na kuchuliwa tumbo ili "kurudisha utumbo mahali pake". Hakuna mkono unaoweza kuufungua utumbo kutoka nje.

Vidonge vya kutuliza maumivu, hasa vile vya kundi la diklofenaki vinavyouzwa kila duka la dawa, huumiza kuta za tumbo na figo za mgonjwa ambaye tayari amepungukiwa maji. Akiwa hospitalini hatanyimwa dawa ya maumivu. Atapewa inayofaa, chini ya uangalizi.

Kinachofaa ni kutafuta bajaji, gari au bodaboda usiku huohuo. Kwa mkazi wa Magomeni, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula imo ndani ya manispaa hiyohiyo. Mitengo, upande wa Mikindani, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Septemba 2023. Kwa mvuvi wa Msimbati au mkulima wa Kitaya na Mahurunga, kandokando ya Mto Ruvuma, safari ni ndefu zaidi, na ndiyo sababu uamuzi wa kuondoka unapaswa kufanywa mapema zaidi. Zahanati ikimwekea dripu na kuandika rufaa mara moja, imefanya kazi yake. Ikimlaza hadi kesho kutazama mwenendo, imempotezea muda.

Tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na huduma salama ya upasuaji wanayoweza kuimudu. Kigezo kilichopendekezwa ni kwamba mtu aweze kufika ndani ya saa 2 mahali panapofanyika upasuaji wa kupasua tumbo.

Kinachofanyika hospitalini

Kazi ya kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji kwa njia ya mishipa. Mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa uchafu na hewa, na mwingine huwekwa kupima mkojo. Damu huchukuliwa kupima kundi, wingi wake, figo na chumvichumvi za mwili. Dawa za kuua bakteria huanza mapema.

Picha ya eksirei ya tumbo mara nyingi hutosha kwa utumbo mpana. Utumbo uliojisokota huonekana ukiwa umefura na kujikunja pande mbili, na madaktari huufananisha na punje ya buni. Picha ya siti skani huonyesha zaidi, hasa kwa utumbo mwembamba, ambapo utando na mishipa huonekana vimezunguka kama kimbunga. Hata hivyo, mgonjwa ambaye tumbo limekuwa gumu na presha imeshuka hahitaji kusubiri picha nyingi. Anahitaji chumba cha upasuaji.

Kama ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na hakuna dalili ya kuoza, daktari anaweza kupitisha kifaa chenye kamera, au bomba gumu la uchunguzi, kwa njia ya haja kubwa hadi mahali palipojisokota. Mpira laini ukipenya, hewa na kinyesi hutoka kwa kishindo na tumbo hunywea papo hapo. Njia hiyo ilienezwa na daktari Bruusgaard wa Norway kwa taarifa aliyoichapisha mwaka 1947, na hufanikiwa kwa wagonjwa wengi.

Hapa ndipo kosa lingine hutokea. Kijana aliyepata nafuu huvaa nguo zake na kurudi kazini. Lakini utumbo ule mrefu bado upo, na kwa karibu nusu ya wagonjwa au zaidi hujisokota tena. Ndiyo maana hushauriwa upasuaji wa kupangwa, ikiwezekana kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ili sehemu hiyo ikatwe na ncha mbili kuunganishwa. Upasuaji huo, unaofanywa mgonjwa akiwa ametulia, una hatari ndogo zaidi kuliko ule wa dharura usiku wa manane.

Njia ya mpira haifai kwa utumbo mwembamba, kwa fundo la tumbo zima, wala kwa utumbo uliooza. Hao huenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Utumbo ukikutwa mzima, hufunguliwa na kuchunguzwa kama rangi imerudi. Uliooza hukatwa.

Kwa utumbo mwembamba, kila mita ina thamani. Mtu mzima anayebakiwa na chini ya mita 2 anaweza kushindwa kunyonya virutubisho vya kutosha kutoka kwenye chakula. Kwa kijana mwenye miaka 40 au 50 mbele yake, hapo ndipo thamani ya kuwahi kwa saa chache inapoonekana.

Mfuko tumboni si mwisho wa maisha

Jambo linalowatisha vijana wengi, na linalofanya baadhi ya familia zikatae kutia saini fomu ya ridhaa, ni mfuko wa choo. Utumbo ukiwa umeoza na tumbo limechafuka, kuunganisha ncha mbili papo hapo kunaweza kuvuja na kuua. Daktari wa upasuaji huamua kuitoa ncha ya juu kwenye ngozi ya tumbo, na kinyesi hutoka katika mfuko unaobandikwa hapo.

Kwa vijana wengi mfuko huo ni wa muda. Baada ya miezi kadhaa, mwili ukipata nguvu, ncha hizo huunganishwa na tundu kufungwa. Katika kipindi hicho mtu anaweza kula, kufanya kazi nyepesi, kuswali, kusali na kuishi na mwenzi wake. Anachohitaji ni mafunzo ya kutunza ngozi, mifuko ya kutosha, na watu wa nyumbani wasiomkimbia.

Gharama nazo ni kikwazo halisi. Mgonjwa asiye na bima wala uwezo anaweza kuelekezwa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambako maombi ya msamaha hushughulikiwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ikilenga kuondoa hali ya familia kuuza shamba au mashua ili kulipia operesheni. Lakini hata pale fedha hazijapatikana, mazungumzo hayo yafanyike mgonjwa akiwa tayari hospitalini, si akiwa bado kitandani nyumbani.

Baada ya kutoka, mgonjwa anapaswa kuepuka kubeba mizigo mizito kwa wiki kadhaa, kunywa maji ya kutosha, kutozuia haja kubwa na kutunza karatasi zake za matibabu. Karatasi inayosema utumbo uliwahi kujisokota inaweza kumsaidia daktari mwingine, siku nyingine, kuamua kwa dakika chache.

Kwa anayeishi na kijana nyumbani, maswali ya kujiuliza usiku huo ni machache: Je, maumivu ni makali kiasi cha kumwamsha na kumzuia kutulia? Je, tumbo linajaa au anatapika mfululizo? Je, ameshindwa kutoa choo na hewa? Majibu yakiwa ni ndiyo, tangawizi ibaki jikoni na safari ya hospitali ianze, hata kama bado ni saa 8 usiku.